UZI: Hesabu ya maji na mizigo kwa miguu, Nainokanoka – Empakaai – Lengai – Natron (siku 4 hadi 5)

Mwanzisha uzi: Nyayo_Kaskazini

Wakuu habari za leo,

Kiangazi kinakaribia na maswali ya kutembea kutoka nyanda za juu za Ngorongoro kushuka mpaka Ziwa Natron yameanza. Wengi wanauliza viatu na mahema. Hivyo vina majibu rahisi. Kinachoharibu safari hii ni maji, hasa mwendo wa kijiji cha Nayobi hadi Ngaresero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, kwa hiyo uzi huu ni wa maji, punda na gari tu.

Tuanze na sura ya njia. Ukingo wa kasoko ya Empakaai uko kwenye mita 3,200 hivi. Ziwa Natron liko karibu mita 600. Unashuka zaidi ya mita 2,500 ndani ya siku mbili. Usiku wa Empakaai unavaa koti na kofia ya sufu, na keshokutwa yake mchana uko Natron kwenye nyuzi 35 mpaka 40. Mwili haupati muda wa kuzoea. Kule juu baridi inakufanya usahau kunywa, ukifika chini tayari una deni la lita moja au mbili, na deni hilo halilipwi kwa kunywa chupa nzima kwa mkupuo.

Kosa la kwanza la wapangaji ni kuhesabu maji kwa siku: "lita nne kwa mtu kwa siku, basi." Hesabu kwa PENGO, yaani kutoka mahali pa uhakika pa kujaza mpaka mahali pengine pa uhakika pa kujaza, saa zote zilizo katikati, usiku ukiwemo. Njia hii ina mapengo matatu:

1) Nainokanoka hadi Bulati. Hapa kuna vijiji, mifugo na vyanzo. Mchana mmoja wa kutembea bonde la Embulbul, pakavu lakini si joto kali. Lita 3 mgongoni kwa kila mtu zinatosha, mengine unapata jioni.

2) Bulati, kulala ukingo wa Empakaai, hadi Nayobi. Panga kana kwamba ukingoni hakuna tone. Ziwa lililo chini ya kasoko lina magadi, halinyweki na halifai hata kupikia. Uzuri ni kwamba gari la 4x4 linafika ukingoni, kwa hiyo maji ya usiku huo yashushwe na gari kabla halijazunguka kwenda Natron.

3) Nayobi, kulala kambi ya Acacia, hadi Ngaresero. Hili ndilo pengo lenyewe. Kambi ya Acacia haina maji, na usipange gari lifike pale. Kila utakachokunywa na kupikia kimebebwa na watu au punda.

Hesabu ya pengo la tatu kwa msafara wa watu 9 (watembeaji 4, kiongozi 1, askari wa hifadhi 1, mpishi 1, wenye punda 2):

Kutembea mchana kutoka Nayobi: lita 2 x 9 = 18
Kupika chakula cha jioni na chai ya alfajiri: lita 1.5 x 9 = 13.5
Kunywa kambini jioni na usiku: lita 1 x 9 = 9
Kutembea kesho yake mpaka Ngaresero: lita 3 x 9 = 27
Jumla 67.5. Ongeza akiba ya asilimia 20, yaani 13.5. Inakuja lita 81.

Kila mtu akiondoka Nayobi na lita 3 mgongoni, hizo ni 27. Zinabaki 54. Madumu matatu ya lita 20 yanazibeba na yanabakiza kidogo.

Akiba hiyo ya asilimia 20 haiguswi kwa sababu ya kiu ya kawaida. Ni ya dumu kupasuka, mtu kuteguka mguu, au mtu kuzidiwa na joto akahitaji kumwagiwa maji mwilini. Kiongozi aijue iko dumu gani, na dumu hilo lifunguliwe la mwisho.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

---

#2 Mama_Hema

Ahsante sana mkuu. Naomba ufafanue upande wa punda. Punda mmoja anabeba kiasi gani, na madumu yanafungwaje yasivuje?

---

#3 Nyayo_Kaskazini

Dada, punda mzima mwenye afya mpangie kilo 40, na 50 kwenye tambarare ukilazimika. Njia ya Nayobi kushuka bonde la ufa ina mteremko mkali wenye mawe ya kuviringika, usivuke 40. Lita 20 za maji ni kilo 20, kwa hiyo madumu mawili, moja kila upande, ndiyo mzigo wake kamili. Usimwongezee hema juu yake.

Usiweke maji yote kwa punda mmoja. Kwa madumu matatu gawa hivi: punda wa kwanza madumu mawili, punda wa pili dumu moja upande huu na gunia la chakula la kilo 20 upande ule. Punda akianguka au akakimbia kwa kuogopa fisi, unabaki na sehemu ya maji.

Sasa madumu. Watu wanatumia madumu ya njano ya mafuta ya kula, na ni mazuri kwa sababu ni mazito. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, kisha yaache na maji yenye kidonge cha klorini usiku kucha. Dumu ambalo halijulikani lilibeba nini liache, huenda lilikuwa na dawa ya mifugo au ya shamba.

Kinachovuja ni kifuniko. Dumu likilala ubavuni juu ya punda, kila hatua maji yanagonga kifuniko, nacho kinalegea robo ya mzunguko bila mtu kuona. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli chenye ukubwa wa sarafu kubwa, kiweke ndani ya kifuniko kama washa (mpira wa kuzibia), kaza, kisha geuza dumu kichwa chini juu ya jiwe kavu kwa dakika kumi. Jiwe likilowa, rudia. Fanya hivyo Nayobi, siyo njiani. Wakati wa kufunga mzigo mdomo wa dumu uangalie juu na mbele.

Jaza mpaka juu kabisa. Dumu lililojaa nusu maji yanacheza ndani, mzigo unayumba, na tandiko linasugua mgongo wa punda mpaka kidonda. Mkitumia maji, tumieni dumu moja hadi liishe kabla ya kufungua lingine, halafu sawazisheni pande mbili kwa kuhamisha chakula.

---

#4 Olkarasha

Mwanzisha uzi umeeleza vizuri lakini kuna mambo mawili umeyaacha.

La kwanza, punda wenyewe. Punda kwenye joto anakunywa lita 15 hadi 25 kwa siku. Hukumhesabia hata lita moja. Anavumilia kiu kuliko farasi, ndiyo, lakini kuvumilia kuna mwisho. Suluhisho ni kuwanywesha Nayobi asubuhi mpaka washibe kabla ya kufungwa mizigo, na mkubaliane mapema na wenye punda: wanashusha mizigo Acacia na kurudi Nayobi jioni ile ile, au wanaendelea nanyi mpaka Ngaresero ambako punda watakunywa mtoni? Wakirudi jioni, basi kesho yake nani anabeba dumu lililobaki? Msipolijibu hili Nayobi mtalijibu alfajiri kambini mkiwa na lita 30 na hakuna wa kuzibeba.

La pili, maji ya Nayobi ni ya watu na mifugo yao. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya vuli, kila chanzo upande huu kinapungua na foleni inakuwa ndefu. Msafara usifike saa sita mchana na madumu matatu ukitegemea kujaza kwa dakika tano. Tuma mtu mmoja mbele na punda mmoja, aongee na wenyeji, alipie kinachotakiwa, na madumu yajazwe kabla wengine hawajafika. Na msioge wala kufua hapo. Kwa msafara wa Septemba na Oktoba mimi nashauri maji ya kunywa ya pengo la tatu yatoke na gari ukingoni Empakaai, Nayobi iwe ya kujazia tu na kunywesha punda.

---

#5 Nyayo_Kaskazini

Sahihi kabisa mkuu Olkarasha, nakubali yote mawili. Niongeze hesabu: wenye punda wakirudi Nayobi jioni ile ile, watu wawili wanatoka kwenye maji ya usiku na ya kesho yake. Kunywa kambini (2), kutembea kesho (6) na sehemu ya kupika (3) ni lita 11 zinapungua. Lakini wapewe lita 2 kila mmoja za kupandia kurudi, kwa hiyo umeokoa lita 7 tu. Na unapoteza wanyama wa kubeba. Kwangu haifai. Walipe siku ya nyongeza waende mpaka Ngaresero.

---

#6 Dkt_Kipeo

Naomba nigusie ubora wa maji, maana hapa watu wanachanganya vitu vitatu: vijidudu, tope, na chumvi. Kila kimoja kina dawa yake.

VIJIDUDU. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji yaliyo safi kwa macho. Weka, tikisa, funga, subiri nusu saa. Maji ya baridi ya kule juu yape saa nzima. Kulegeza nyuzi za kifuniko kidogo maji yenye dawa yazipitie ni muhimu, kwa sababu mdomo wa dumu uliogusa maji machafu unabaki na uchafu wake. Kuchemsha nako kunafaa, ila kwa mwinuko wa Empakaai maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi. Yanaua vijidudu bado, ilimradi uyaache yatokote dakika tatu. Tatizo la kuchemsha ni gesi.

TOPE. Klorini inamalizwa na tope kabla haijafika kwa vijidudu. Chuja kwanza kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Yakibaki na rangi ya chai ya maziwa, zungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo kwa dakika moja, acha yatulie mpaka tope likae chini, mimina ya juu taratibu, ndipo uweke klorini. Yakiwa bado na ukungu weka vidonge viwili.

CHUMVI, MAGADI NA FLORIDI. Hapa hakuna kidonge. Maji ya Natron na ya ziwa la Empakaai hayanyweki, na hakuna chujio la mkononi litakaloyafanya yanyweke. Vyanzo vingi vya bonde la ufa vina floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Kuchemsha kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Mkaa wa mifupa unaiondoa, lakini ni mtambo wa nyumbani na kijijini, haubebeki njiani. Kwa siku nne floridi haitakudhuru meno wala mifupa. Hayo ni madhara ya miaka kwa wanaoishi hapo, na ni jambo zito kwao. Kinachomsumbua msafiri ni maji yenye magadi kulegeza tumbo. Ukionja maji yana ladha ya sabuni, usijaze.

Wenye machujio ya nyuzi laini: yakishalowa yakaganda kwa baridi, zile nyuzi zinapasuka ndani na huoni dalili yoyote, maji yanapita kama kawaida yakiwa na vijidudu vyake. Usiku wa Empakaai lala nalo ndani ya begi la kulalia. Na ukifika upande wa Lengai, ule mlima wa volkeno, vumbi la majivu linaziba chujio upesi, kwa hiyo vidonge viwepo hata kama una chujio zuri.

---

#7 Mzee_wa_Tochi

Je, gari linapita wapi na linachukua muda gani? Na vibali?

---

#8 Olkarasha

Gari likishamaliza kushusha maji na vyakula Empakaai linarudi lilikotoka, linatoka lango la Loduare, Karatu, Mto wa Mbu, halafu kaskazini kupitia Engaruka mpaka Ngaresero. Mto wa Mbu hadi Ngaresero ni kama kilomita 120. Kiangazi linafika siku hiyo hiyo likitoka mapema. Masika, Machi hadi Mei, makorongo yanayoshuka kutoka kingo za bonde yanaweza kufunga njia kwa saa kadhaa au siku nzima, na dereva asijaribu kuvuka maji yanayotembea. Jaza mafuta Mto wa Mbu na beba dumu la akiba, spea mbili, na jembe.

Vibali: ndani ya hifadhi unalipa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kwa namba ya malipo kabla ya kuingia, na unatembea na askari mwenye silaha. Si mapambo, kuna nyati na tembo kwenye msitu wa Empakaai. Posho, chakula na maji yake viko kwenye hesabu yako. Barabara ya Natron ina vituo vya tozo. Beba fedha taslimu na utunze stakabadhi mpaka umetoka.

Dereva aachiwe karatasi yenye majina, idadi ya watu, na saa ya mwisho. Mfano: "Msipoonekana Ngaresero saa 8 mchana siku ya nne, chukua madumu mawili, kijana mwenyeji mmoja, njoo kwa miguu kufuata njia ya Acacia." Mtandao wa simu njiani unakuja na kupotea. Karatasi haipotezi mtandao.

---

#9 Mama_Hema

Na chakula? Nilikuwa nimepanga maharage na wali.

---

#10 Nyayo_Kaskazini

Maharage acha. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 90 hayaivishi maharage kwa wakati. Utamaliza gesi na lita tano za maji na bado yatakuwa magumu. Wali kilo moja unakunywa lita mbili hivi, na huko juu unaiva polepole, loweka nusu saa kwanza.

Panga hivi. Bulati ambako maji yapo, pika wali na mboga mbichi. Empakaai, ugali na dagaa au nyama kavu. Acacia, tambi zilizovunjwavunjwa zikapikwa kwa maji kidogo mpaka yakauke ndani ya sufuria pamoja na nyanya ya kopo na karanga, bila kumwaga maji ya chumvi. Sufuria moja, inafutwa kwa karatasi, inasuuzwa kwa nusu lita. Alfajiri chai ya tangawizi na chapati zilizopikwa Bulati. Mchana wa kutembea: karanga zenye chumvi, tende, ndizi. Ndizi zinapondeka, ziwe za siku mbili za kwanza.

Kuni usitegemee, beba jiko la gesi.

---

#11 Dkt_Kipeo

Chumvi dada, usiisahau. Mtu anayetoka jasho saa tano mfululizo akinywa maji matupu tu anaweza kupata hatari ya upande wa pili: chumvi kwenye damu inashuka. Dalili zake zinafanana na za kiu, kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, ila huyu tumbo limejaa maji, vidole vimevimba na mkojo ni mweupe. Ukimwongezea maji unamuumiza.

Kanuni ya kazi: kunywa kadiri ya kiu, mafunda machache kila robo saa, usizidi lita moja kwa saa. Katika kila lita tatu, moja iwe na pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini). Ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo usikadirie kwa kiganja.

Mtu aliyeacha kujibu vizuri, anapepesuka, ngozi inaunguza: hilo ni joto limempiga. Kivulini, vua nguo za juu, mwagia maji kichwani, shingoni, kifuani, pepea bila kuacha. Hapo ndipo akiba inatumika, na lita kumi zinaweza kwisha kwa nusu saa. Usimnyweshe kama hajitambui vizuri.

---

#12 Kijana_wa_Longido

Wakuu na Lengai yenyewe? Tunafika Ngaresero siku ya nne mchana, tunataka kupanda usiku ule ule.

---

#13 Olkarasha

Msipande usiku ule. Mnafika na deni la maji, halafu mnaanza saa 5 au 6 usiku kupanda zaidi ya mita 1,500 kwenye majivu yanayorudi nyuma kila hatua. Pumzikeni mchana mmoja mzima, mnywe, mle chumvi. Kipimo ni mkojo: usiku wa kupanda uwe wa rangi ya maji ya limao. Ukiwa kama chai ya rangi, huyo abaki kambini.

Mlimani hakuna maji popote, kuanzia chini mpaka kileleni mita 2,962. Lita 4 kwa kila mpandaji, kiongozi naye. Kwa wapandaji wanne na kiongozi mmoja ni lita 20, na dumu jingine la lita 20 libaki ndani ya gari chini ya mlima. Chupa nyembamba za dukani zinapasuka mtu akikalia begi kwenye mteremko. Lita mbili angalau ziwe kwenye chupa ngumu. Gawanya hivi: lita 2 za kupandia, lita 2 za kushukia, na zile za kushukia zifungwe na mkanda wa rangi nyingine zisiguswe kabla ya kugeuka. Kupanda ni usiku wa baridi na upepo, kila mtu anadhani maji yamezidi. Kushuka jua limetoka, magoti yanatetemeka, na hapo ndipo chupa tupu zinaonekana.

Kuna wanaoficha chupa njiani wakati wa kupanda ili kupunguza uzito. Mimi sipendi. Majivu yanateleza yanafukia, na mchana mahali hapafanani na ulipopaona kwa tochi.

Mgeuke saa 1 asubuhi hata kama hamjafika ukingoni. Na volkeno hii iko hai, ilipuka kwa nguvu 2007 na 2008, kwa hiyo kabla ya kupanda ulizeni wenyeji hali ya wiki hiyo, na ukingoni msisimame kwenye mdomo wa kasoko, una nyufa. Bebeni miwani na kitambaa cha kufunika pua. Majivu yake yana magadi, yanachoma macho, na kuyasafisha kunakula maji mliyopanga kunywa. Hesabuni nusu lita ya macho.

---

#14 Kijana_wa_Longido

Nimekuelewa mkuu, tunaongeza siku moja. Je, Acacia mpaka Ngaresero tuondoke saa ngapi?

---

#15 Nyayo_Kaskazini

Chai saa 10 na nusu alfajiri, mizigo iwe juu ya punda saa 11 na nusu, mtembee na mwanga wa kwanza. Mkichelewa kwa saa mbili, hizo saa mbili mnazilipa mwishoni, kwenye tambarare isiyo na kivuli saa sita mchana, na lita 3 zangu za kila mtu zinakuwa 4. Maji ya mgongoni yajazwe usiku kabla ya kulala, siyo alfajiri gizani. Watu wanamwaga, na kifuniko kinafungwa vibaya.

Ngaresero maji ya mto yapo, yanatembea, lakini mifugo na watu wote wanayatumia. Kidonge na nusu saa kwanza. Wekeni lita moja ya akiba mgongoni mpaka ile nusu saa iishe.